Daraja la Tiquina: sisi wa kamera tunyamaze

Washikaji, nimerudi chuo salama, ila kuna kitu kimenikaa rohoni. Tukitoka Copacabana kwenda La Paz, kule Bolivia, tulifika Tiquina, pale Ziwa Titicaca linapobana. Abiria wote chini! Sisi tukavuka kwa boti ndogo, basi likavushwa peke yake juu ya pantoni ya mbao. Zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari, baridi usiseme.

Wasafiri wenzangu wakaanza: "Daraja lisijengwe, litaharibu mandhari." Nikachemka. Jamani, mgonjwa anayekimbizwa La Paz usiku, mandhari itamtibu? Wavushaji wakilikataa nawaelewa, ndiyo riziki yao. Lakini sisi wapita njia wa siku moja? Waamue wanaoishi pale, bwana!