Kisha Bonane, nani atakuja kukagua nyumba?

Feti zimepita. Noeli ilipita, Bonane ikapita, na tarehe 4 ya Januari, siku ya bamartiri ba 1959, ikapita nayo. Mu malupango ya Kikula, Panda, Shituru na Likasi katikati, kumebakia kasie za chupa tupu pembeni ya mulango, masufuria ya kukopa yenye haijarudi kwa jirani, majivu ya mbabula, mifupa ya kuku na karatasi za bonbon zenye mvua imezibandika ku udongo. Wageni ba Lubumbashi na ba Kolwezi bamerudi kwabo. Batoto banatafuta kaye na kiatu cha shule, kimoja kinaonekana, kingine hakionekani.

Kila mwaka wakati huu tunasikia neno lile lile: "Bamama, mupange nyumba." Miye nataka kusema kinyume. Kupanga nyumba kisha feti haiko kazi ya bamama paka peke yabo. Mwanaume mwenye kutumika ku shimo ao ku kiwanda njo mwenye kuanza, sababu uchafu mubaya kuliko yote mu nyumba zetu haukutoka ku feti. Ulitoka ku kazi, na ni yeye aliuleta, bila kujua, ku viatu na ku salopeti.

Zamani bakubwa balikagua

Kwa kuelewa juu ya nini jambo hili ni gumu kwetu, tuangalie nyuma kidogo. Union Minière, yenye ilizaliwa 1906, mwanzoni ilileta wanaume bila bibi, kwa muda mufupi, na kisha ikabarudisha ku mboka zabo. Karibu na mwaka 1927 na 1928 ilibadilisha mawazo: mukataba wa miaka mitatu, bibi na batoto mu kampi, nyumba nzuri zaidi. Kampani ilitaka mutu mwenye afya, mwenye kulala vizuri, mwenye kurudi ku kazi asubuhi. Ilitoa posho ya unga, hospitali, shule, na foyer social kwa kufundisha bamama kushona, kupika na kuchunga nyumba. Na kama kampani ilikupa nyumba, mukubwa wa kampi alikuwa pia na neno la kusema juu ya nyumba ile: lupango lifagiwe, takataka itoke, ukuta upate chokaa.

Mwaka 1966 jina la Jadotville lilikufa na muji ukaitwa tena Likasi. Mwaka 1967 kampani ya Leta, yenye kisha iliitwa Gécamines, ikashika mahali pa Union Minière, na mambo ya kampi yakaendelea karibu namna ile ile. Juu yake, wakati wa Mobutu, kukakuwa salongo, kazi ya usafi ya lazima. Ona vile mambo yalikuwa: kwa miaka mingi sana usafi kwetu ulikuwa amri. Mukubwa anapita, tunafagia. Mukubwa hapiti, tunangoja.

Sasa mukubwa hayuko. Miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, mishahara ikakosa, na mu 2003 na 2004 batumishi zaidi ya 10,000 baliondoka kwa mupango wa départ volontaire wenye Banki ya Dunia ililipa. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu, munahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikwisha kuandika mu 2001 kitabu chenye jina linasema yote: "Bana Shaba abandonnés par leur père", ni kusema bana ba shaba benye baba yabo alibaacha.

Baba aliondoka, lakini vumbi lilibakia. Na leo kuko mashimo mengi kuliko zamani, viwanda vipya, malori barabarani usiku na muchana, na bakrezeri benye kurudi nyumbani na mawe mu mufuko. Nyumba nyingi za kampi ni zetu sasa, lakini tungali tunaishi ndani yake sawa vile batu benye kungoja mukaguzi. Mukaguzi hatakuja, bandugu. Ni siye.

Vumbi linaingia na baba

Mwaka 2009 bamunganga na bashiriki babo ba Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ba Leuven, Ubelgiji, balitoa matokeo ya utafiti wenye balifanya hapa Katanga. Balipima mukojo wa batu. Bale benye kuishi karibu sana na shimo ao kiwanda cha kuyeyusha, chini ya kilometa 3, balikuwa na kobalti nyingi sana mu mwili, kupita bale benye kuishi mbali. Na batoto balikuwa na nyingi kuliko bakubwa. Mutoto haendi ku shimo la Gécamines ao la mutu mwingine. Lakini mutoto anacheza chini, anatia mukono mu kinywa, anakula bila kunawa.

Mu 2018 batafiti bale bale balitoa utafiti mwingine juu ya Kasulo, kule Kolwezi, mahali batu balianza kuchimba kobalti ndani ya malupango yabo. Batoto ba Kasulo balikuwa na kobalti mingi mu mukojo na mu damu, na vumbi la nyumba njo lilikuwa moja ya njia kubwa. Mu 2020 utafiti wa tatu, wenye ulifanyika Lubumbashi, uliangalia batoto benye kuzaliwa na kilema. Uliona kama hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba anatumika mu kazi ya mine. Utafiti moja hausemi yote, na hakuna mutu anapaswa kumuhukumu mama ao baba juu ya mutoto wake. Lakini unatosha kwa kutufanya tufikiri pale tunaingia nyumbani na nguo ya kazi na kumubeba mutoto ku mikono.

Kwa hiyo, wakati wa kupanga nyumba kisha feti, tuanze na haya, mbele ya kugusa kiti ao pazia.

Nguo za kazi na viatu vya kazi visipite mulango wa nyumba. Kama ku kazi kuko mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, ubadilishe kule kule. Kama hakuna, tafuta musumari ao sanduku inje, chini ya paa, na uvulie pale. Salopeti ikuwe na beseni yake, isichanganywe na nguo za mutoto wala bitenge vya mama. Maji yake usimwange pembeni ya kisima wala mu bustani ya sombe.

Fagio kavu inarusha vumbi hewani, na kisha saa moja vumbi limerudi mahali pake. Nyunyiza maji kidogo mbele ya kufagia, ao pangusa na kitambaa chenye maji. Mikeka na matandiko vipigwe inje, mbali na batoto na chakula.

Mufuko wa mawe usilale chini ya kitanda. Najua juu ya nini unalala pale: inje banaiba. Lakini tafuta kona ingine yenye kufungwa, mahali batoto hawalali.

Na angalia bidoni. Siku za feti kila nyumba inatafuta vyombo vya maji na vya munkoyo, na bidoni zinatoka kila mahali. Ile yenye ilibeba aside ao dawa ya kiwanda, hata ukiosha mara kumi, isirudi ku maji ya kunywa. Itoboe, mutu mwingine asije kuitumia.

Mwezi wa mvua na wa madeni

Kisha vumbi, maji. Januari ni katikati ya mvua. Takataka ya feti ikifunga mufereji, maji yanasimama, imbu zinazaa, na maji ya choo yanaweza kufika ku kisima. Mwanzo wa mwaka 2008 kolera ilipiga Likasi na Lubumbashi, wakati huu huu wa mvua. Hatuwezi kuzuia mvua, lakini mufereji wa mbele ya lupango letu tunaweza kuufungua na jembe mu nusu saa. Na jirani akituona, ataaibika kidogo na atafungua wake. Maji ya kunywa tuchemushe, na chombo cha maji kikuwe na kifuniko.

Kuta, tuziache kwanza. Kuna mutu anaona ukuta umechafuka kisha wageni, anataka kukopa pesa ya rangi leo leo. Mvua itamucheka. Tuangalie bamama ba Makwacha, ile mugini karibu na Lubumbashi yenye kujulikana juu ya kushiripa. Kila mwaka banapaka na kupamba kuta za nyumba zabo na udongo wa rangi, na wanafanya vile pale mvua imekwisha. Bana akili. Nasi tungoje mwezi wa tano, na chokaa haiko mbali: mawe yake iko hapa hapa, ku Kakontwe.

Ile pesa ya rangi iko na kazi ingine. Zamani posho ya unga ilitoka kwa kampani, na minervali nayo haikumusumbua mutumishi sana. Leo Januari ni mwezi murefu: mushahara wa Desemba ulikulwa mbele ya Bonane, na masomo yanaendelea. Njo pale mutu anaenda ku Banque Lambert, kwa mukopeshaji wa mutaani, na faida ya mwezi moja inakula unga wa mwezi mbili. Kupanga nyumba ni pia kukaa chini, baba na mama, na kaye moja, na kuandika bila kufichana: nani tunamudai, nani anatudai, unga uko kiasi gani, minervali ni ngapi. Kasie na chupa tupu zirudi ku depo, ile ni pesa yenye imelala ku mulango. Sufuria ya jirani irudi imeoshwa. Zamu ya likelemba ikuwe ya shule mbele ya kuwa ya kitu kingine.

Kampani nazo zina deni

Nasikia jibu. "Miye nilisha kuchoka, natumika saa kumi na mbili, na sasa unataka nifagie? Kufagia ni kazi ya bamama." Ndugu, sikuambii ufagie nyumba yote. Nakuambia usiingize tena ile yenye mama anafagia. Kazi ya kuvulia viatu inje ni ya dakika mbili, na hakuna mutu mwingine anaweza kuifanya kwa nafasi yako.

Kuna jibu lingine, na hili liko na uzito. Batu banasema: "Vumbi ni la kampani. Juu ya nini masikini njo ataliosha?" Ni kweli. Kitambaa chenye maji hakiwezi kushinda kiwanda wala lori lenye kupita bila kifuniko. Mama akipangusa asubuhi, na lori likapita saa sita, tumefanya bure. Ndiyo maana nasema tufanye yote mawili pamoja. Kodi ya mine yenye ilibadilishwa mu Machi 2018 inaomba kila kampani ya mine itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya batu benye kuizunguka. Pale bakubwa ba mitaa na bajumbe bakikaa na kampani, siku zote tunasikia juu ya shule na tingitingi. Muzuri. Lakini tuombe pia bomba la maji karibu na nyumba, na barabara za udongo zimwagiwe maji wakati wa jua. Na basyndika baombe, kwa kila kazi, mahali pa kuoga, pa kubadilisha nguo na pa kufulia salopeti kule kule, kwa batumishi ba kampani na kwa ba sous-traitance pia. Hiyo haiko zawadi. Mutumishi akifua nguo ya kazi nyumbani kwake, anafanya kazi ya kampani bila kulipwa, na mutoto wake analipa bei.

Lakini mutu mwenye kuomba vile kwa sauti kubwa ni yule mwenye kwake kumepangwa. Huwezi kusema kampani inachafua batoto bako, na huku mufuko wa mawe uko chini ya kitanda chabo.

Wiki hii kalenda inatusaidia. Tarehe 16 tunakumbuka Mzee Laurent-Désiré Kabila, mwenye aliuawa mu 2001, na tarehe 17 tunakumbuka Lumumba, mwenye aliuawa hapa Katanga mu 1961. Ni siku mbili za kupumzika. Wengi batakaa mu buvette, bakinywa deni jipya juu ya deni la Bonane. Naomba nusu ya siku moja tu, asubuhi, baba, mama na batoto bakubwa pamoja: musumari wa salopeti inje, fagio na maji, mufereji, bidoni, na mwisho kaye ya madeni.

Hakuna mukubwa wa kampi atakuja kuandika nani alifagia na nani hakufagia. Ni muzuri hivyo. Mwaka muzuri kwa bote.