Mbwa aliyewinda na sisi asifie njiani

Wandugu wa Malemba-Nkulu, tuseme ukweli. Wakati wa kuwinda, mbwa tunamufunga kengele ya muti ku shingo, anaingia pori mbele yetu, nyama tunakula sisi. Lakini mwenyewe akienda kutafuta makuta ku Kolwezi, ao mbwa akizeeka, anabaki sokoni anatupiwa mawe. Hii si haki.

Tena ni hatari kwetu sisi wenyewe. Mbwa asiye na mwenyewe, nani atamupeleka ku chanjo? Na kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha alama kwa mutu, dawa haiko tena. Kuua mbwa hakumalizi ugonjwa. Kuchanja 70 kati ya 100 ndiko kunaukatisha.

Kwa hiyo tunaomba: serikali ilete chanjo ya bure katika teritware yote. Mwindaji anayehama amukabizi mbwa kwa jirani, mbele ya chefu wa kijiji. Jamaa yenye nafasi ichukue mumoja, alinde nyumba. Na mbwa akikuuma, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha mbio ku hospitali.

Sisi vijana tunaanza na kartie yetu. Tusaidiane.