Lupopo ni ya nani? Neno langu baada ya usiku wa Soweto



Wengi wameniuliza kwa nini sikuandika kitu juu ya Lupopo tangu tarehe 25 Oktoba. Wanajua mimi ni Lumpa tangu utoto, na walingoja niimbe. Nilitaka kuimba kweli. Lakini kuna neno lililosemwa usiku ule katika barabara yetu, hapa komini ya Kenya, nami nililisikia nikanyamaza. Ndiyo sababu nimechelewa.

Kwanza mupira, kwa wale ambao hawakufuata. Siku ya Yenga tarehe 19 Oktoba 2025, FC Saint Éloi Lupopo iliipiga Orlando Pirates ya Afrika Kusini mabao 3-0 hapa Lubumbashi, katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, raundi ya mwisho kabla ya makundi. Pirates si timu ya kuokota. Ilizaliwa Soweto mwaka 1937, na mwaka 1995 ilichukua kombe la Afrika. Na mahali tulipowapigia ni Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe! Mwenye kukulia hapa anaelewa utamu wake. Sisi wa njano na buluu tuliingia katika nyumba ya jirani, nyumba ya weusi na weupe, tukapiga wageni ambao nao ni weusi na weupe. Rafiki yangu mmoja wa Mazembe aliniambia siku ile hakujua ashikilie mji wake ama ashikilie rangi zake. Alibaki amekunja mikono mpaka mwisho, kama mtu aliye kwenye kilio cha ukoo ambao si wake.

Tukaenda Soweto na mabao matatu mfukoni. Jumamosi ile Pirates nao wakatupiga matatu. 3-0 huku, 3-0 kule. Zikaja penalti, tukashinda 5-4.

Kwa hiyo tulipigwa matatu, na tukapita. Sitaficha mawazo yangu: timu inayobeba mabao matatu inatembea kama mama aliyebeba trei ya mayai kichwani sokoni, anaogopa kila bega linalopita, na kwa kuogopa hivyo ndipo anajikwaa. Wakubwa wa timu wasituambie kwamba ule ulikuwa mpango. Kwenye makundi kuna Mamelodi Sundowns, kuna MC Alger, kuna Al-Hilal ya Omdurman. Hao hawatatuachia nafasi ya penalti. Lakini hayo tutayasema siku nyingine.

Jumamosi ile sikuwa wa zamu. Nilikuwa nyumbani, katika lupango tunamopanga jamaa tano. Umeme ulikatika mapema, kama kawaida yake siku ya mechi. Telefone yangu ilikuwa imebaki na moto kidogo tu. Redio pekee iliyokuwa na batri nzuri ilikuwa ya jamaa ya nyumba ya nyuma.

Jamaa hiyo ni ya mama mmoja na watoto wake wanne, watu wa Bukavu. Sitataja majina yao. Bukavu ilianguka Februari 2025, baada ya Goma kuanguka mwisho wa Januari. Mama alitoka na watoto mpaka Uvira, wakapanda mashua mpaka Kalemie, kisha kamio mpaka hapa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia treni itaondoka siku gani. Bwana wake alibaki nyuma kuuza vitu vya nyumba, na tangu siku zile hawajamsikia. Katika mizigo walileta nguo, sufuria mbili na redio ndogo. Mtoto wa pili, kijana wa miaka 11, ndiye anayeichunga. Kule kwao alikuwa mpenzi wa Muungano. Hapa aliuliza ni timu gani yenye wapenzi wengi katika barabara hii, nikamjibu Lupopo. (Nilimdanganya kidogo. Tunalingana na watu wa Mazembe, labda wanatupita. Mungu atanisamehe.)

Basi lupango nzima ikakusanyika mbele ya mlango wa yule mama. Wenye viti wakaleta viti, na wengine wakakaa juu ya bido za maji. Pirates walipoingiza bao la tatu mama aliondoka akaenda kupika bukari, akasema moyo wake hauwezi tena kusikiliza vita. Kijana alibaki ameshika redio kwa mikono miwili, ameielekeza upande ambako sauti inakuja vizuri. Wakati wa penalti hakuna aliyepumua. Mtangazaji alipopiga kelele, sisi sote tukatoka mbio barabarani. Manseba walikuwa wamekwisha kuanza kupiga honi, watoto wanapiga masahani, muzee mmoja fundi wa viatu anacheza peke yake katikati ya njia. Kijana wetu alichukua kitambaa cha njano cha mama yake akakipeperusha, anaruka kama wengine.

Ndipo mtu mmoja mzima, mtu ninayemjua, akamwambia: "Weye mutu wa Bukavu unarukaruka nini? Lupopo ni ya bana Katanga. Kama unapenda kushangilia, rudia kwenu ukapigane vita."

Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka. Nami nilisimama hatua mbili kutoka pale. Mimi ninayesema kila siku kwenye mikro juu ya amani na umoja. Sikutaka kuharibu furaha, nilijiambia, kesho nitazungumza na yule ndugu. Kijana alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo, akarudi ndani. Tulibaki nje mpaka saa tano ya usiku. Redio yake hatukuisikia tena.

Sasa niulize ambalo nilipaswa kuuliza usiku ule. Lupopo ni ya nani?

Tuanze na jina. Saint Éloi ni mtakatifu wa wafua vyuma. Timu ilizaliwa mwaka 1939, mwaka mmoja na ile ya ng'ambo ya pili ambayo leo tunaiita Mazembe, na ni timu ya watu wa reli. Ndiyo maana tunaitwa Cheminots. Na watu wa reli walitoka wapi? Treni ilifika mji huu mwaka 1910 kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ikiwa na watu wake. Baadaye kampuni ya BCK ilijenga njia mpaka Ilebo, ikamalizika mwaka 1928, na katika njia ile Wakasai wengi walishuka kuja kutafuta kazi. Kampuni ya shaba ilikwenda kutafuta wafanyakazi mpaka Maniema, mpaka Ruanda-Urundi. Walipokutana kwenye kambi hawakuwa na lugha moja, wakajitengenezea Kiswahili hiki tunachosema, kile ambacho wandugu wa Bukavu wanatucheka tukiseme. Kumbe hata kile kilikuja na wageni. Kama tunatafuta timu ya watu ambao babu zao wote walizaliwa hapa, basi Lupopo ingekosa kumi na moja wa kwanza tangu mechi yake ya kwanza.

Babu yangu mimi ni mmoja wao. Alikuja kufunga mataruma ya reli kwa BCK, akazikwa hapa, na njano na buluu tuliirithi kwake. Miaka ya 1992 na 1993, mimi nikiwa mtoto mdogo sana, Wakasai wa Katanga waliambiwa warudi kwao. Wakubwa wenu wanakumbuka neno lililotumika: bilulu, wadudu. Kule Likasi na Kolwezi watu maelfu walilala kwenye vituo vya treni, wiki baada ya wiki, wakingojea mabehewa. Wengi walikufa palepale na njiani, hasa watoto. Mjomba wangu alipanda treni Likasi. Ni treni ileile ambayo baba yake alikuwa ameijengea njia. Mpaka leo anakaa Mwene-Ditu, na hajarudi hata kwa mazishi. Na ameendelea kuwa Lumpa! Usiku wa Soweto alinipigia simu akilia. Nilipomweleza habari ya kijana na kitambaa alinyamaza kidogo, akauliza tu: "Na weye ulisema nini?"

Sikuwa na jibu.

Najua kuna watakaosema ninachanganya mambo. Mutu mmoja kwenye redio aliniambia maneno ya mushabiki mlevi hayaandikwi. Kwanza hakuwa amelewa. Pili, mwaka 1992 nako yalianza na maneno ambayo watu waliyachekea. Wengine watasema wakimbizi wa ndani wamekuwa wengi, kodi ya nyumba imepanda, kazi hakuna. Hayo ni mazungumzo ya kweli, na meya wa mji na serikali ya jimbo wanapaswa kuyajibu, na sisi wa redio tuwaulize. Lakini kijana wa miaka 11 hakupandisha kodi ya nyumba ya mutu. Mama yake analipa kodi ileile tunayolipa sisi, na analipa mbele yangu, kwa kuuza samaki mukavu Katuba.

Na wale wanaosema mupira hauleti bukari, nakubali, hauleti. Tangu nikiwa mtoto nimeona Lupopo ikichukua ubingwa wa inchi mara moja tu nikiwa na akili ya kukumbuka, mwaka 2002. Mazembe wana makombe matano ya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Sisi hatuna hata moja. Kama mupira ungekuwa hesabu ya faida, ningekwisha kuhama zamani. Tunabaki kwa sababu ni kitu ambacho mutu anapewa bila kulipa, na asubuhi yake anakisema na jirani ambaye jana hakumsalimia. Yule mama wa Bukavu alikaa miezi saba katika lupango yetu bila watu kuingia mlangoni kwake. Siku ya penalti tulikaa pale jamaa zote tano. Tulitumia batri zake, tukatoka nje, tukamwacha mtoto wake atukanwe.

Nirudi kwenye makundi. Nimesema Al-Hilal ya Omdurman. Wajua kwamba timu ile ilifukuzwa kwao na vita vya Sudan vya mwaka 2023? Msimu wa 2024-25 ilicheza katika ligi ya Mauritania, inchi nyingine kabisa, upande wa pili wa jangwa. Hakuna aliyewaambia wachezaji wale wasishangilie bao kwa sababu hawako kwao. Watakapokuja hapa tutawapigia kelele kama wapinzani, na hiyo ni haki yao na haki yetu.

Basi nina ombi kwa makomite ya wapenzi wa Lupopo wa Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na kule Njanja. Kila mechi ya nyumbani mnakusanya pesa za ngoma, za vitambaa, za kukodi mabasi. Safari hii kila komite ihesabu na watoto wa waliohama makwao katika kartie yake, hata watano, iwaingize uwanjani pamoja na wetu. Si kwa kupiga picha nao. Wakae katikati ya ngoma, si pembeni. Komite ya barabara yetu nimekwisha kuiambia, na mimi nitalipia wawili. Ninyi wa Mazembe msicheke, ombi ni lenu pia. Uwanja ni wenu.

Yule ndugu aliyesema lile neno nimezungumza naye, wiki mbili baadaye. Alisema alikuwa anatania. Nikamwambia aende amtanie mama pale mlangoni kwake, nimsikie. Hajaenda bado. Tunasalimiana, lakini kwa ufupi.

Kwa kijana nilienda juzi na batri nne mpya. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, maana kosa lilifanyika mbele ya watu. Alichukua batri, akazipanga ndani ya redio, akajaribu kama inasema. Ilisema. Halafu akaniuliza kama ni kweli kwamba hapa wapenzi wa Lupopo ni wengi kuliko wa Mazembe, kwa sababu kwenye masomo amehesabu na haioni hesabu hiyo.