Nyaya Nne, Swichi Moja

Aghalabu hudhaniwa kwamba nyaya nne za gigabiti 10 kwa sekunde, zikifungwa pamoja kati ya seva na swichi ya hifadhi ya data, huipa kila kazi gigabiti 40. Sivyo. Kanuni ya IEEE 802.3ad ya mwaka 2000 yataka vifurushi vya mfululizo mmoja vifike kwa utaratibu uleule vilivyotumwa. Kwa hiyo mfululizo huo hupitishwa katika waya mmoja tu. Faida huonekana mifululizo ikiwa mingi, au waya mmoja ukikatika. Lakini swichi yenyewe ikizimika, nyaya zote nne ni bure, hata kama hifadhi ina majalada ya wagonjwa wa hospitali nzima! Afadhali nyaya mbili tu zinazokwenda kwenye swichi mbalimbali, na seva iliyowekewa programu ya kuzitambua njia zote mbili.