Moshi Mweusi na Tairi za Kuazima

Kila mwaka kurasa hizi hujaa makala juu ya nidhamu, mitihani na urafiki mbaya. Sina ubaya nayo. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi niseme juu ya kitu tunachokipanda sisi sote bila kukitazama: gari kuukuu la dizeli, liwe basi, matatu au lori. Magari ya abiria na ya mizigo hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, na mengi hurudishwa yakatengenezwe kwanza. Yakirudishwa, utasikia watu wakisema, "Ah, hiyo gari ni ya zamani, si unaelewa?"

Mimi sielewi. Nasema waziwazi kwamba umri unasingiziwa. Mambo yanayoangusha magari haya ni uchafu, ukosefu wa grisi na ubahili wa mwenye gari.

Chukua moshi. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta laini kama umande, nayo yakawaka yenyewe. Sasa fikiria kichungi cha hewa kilichojaa vumbi la barabara ya marram. Hewa haipiti, mafuta hayaungui yakaisha, na kile kisichoungua hutoka nyuma kikiwa masizi. Au nozeli imechakaa, badala ya kunyunyiza inadondosha. Au, na hili ndilo hunikasirisha, fundi ameambiwa aifungue pampu imwage mafuta zaidi ili gari lipande mlima kwa nguvu. Mkaguzi hutia bomba la mashine kwenye ekzosi, dereva hukanyaga mafuta, na mashine hupima moshi ule unazuia mwanga kiasi gani. Ukiwa mwingi, gari limeanguka. Moshi wa bluu ni habari nyingine, maana hapo injini inachoma oili yake yenyewe na kichungi kipya hakitalisaidia.

Wengine huona moshi ni jambo la kuchekesha. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutangaza moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Tena masizi hayohayo huganda kwenye taa za nyuma, hata dereva anayefuata asione breki ikikanyagwa. Kuna basi moja lililotupeleka mashindanoni, lenye stika safi kabisa kiooni. Kila lilipopanda mlima, sisi wa viti vya nyuma tulifunika pua kwa sweta. Mmoja wetu alipolalamika, makanga akamjibu, "Wewe kijana, kwani huoni stika?"

Tuje kwenye breki, na hapa nitakaa kidogo. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kilango, na mvuto ule humsaidia dereva kukanyaga breki. Dizeli nyingi za zamani hazina kilango hicho. Kwa hiyo magari madogo ya dizeli hufungwa pampu ndogo ya kuvuta hewa, mara nyingi mgongoni mwa oltaneta. Pampu hiyo ikichoka, au mpira wake ukipasuka, pedali huwa ngumu kama jiwe. Dereva husukuma kwa nguvu zake zote na gari linaendelea kwenda. Mabasi makubwa na malori hutumia hewa iliyobanwa kwenye matangi. Maji hujikusanya chini ya matangi hayo, na yapasa kufunguliwa yatoke kila siku. Kazi hiyo haimalizi dakika 5. Asipoifanya mtu, maji yale hula vali kwa kutu. Aidha, sili ya gurudumu ikivuja, grisi hulowesha breki za upande mmoja, kisha siku ya kukanyaga kwa ghafla gari huvutwa upande wa pili. Mashine ya ukaguzi hulionyesha jambo hili mara moja, kwa kuwa hulipima kila gurudumu peke yake.

Yaunganishe haya na tabia ya baadhi ya madereva ya kutoa gia kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Mteremko wa kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, katika barabara ya Nakuru na Eldoret, umekuwa na sifa hiyo mbaya miaka mingi. Gari likitolewa gia, injini hailishikilii tena. Breki peke yake hubeba tani zote, hupata moto, kisha hukataa kushika. Kwenye barabara hiyohiyo, huko Migaa, watu 36 walikufa tarehe 31 Desemba 2017 basi lilipogongana na lori. Hapo si mahali pa kwenda na breki za kubahatisha.

Usukani wenye mchezo, springi iliyokatika jani, taa zisizowaka: hivyo navyo huangusha magari mengi. Dizeli hutikisika kuliko petroli, kwa hiyo nati hulegea na nyaya hukatika. Spana na grisi hutosha kwa sehemu kubwa.

Lakini ukaguzi wenyewe nao hudanganywa, na ajabu ni kwamba hata watoto wanajua. Tairi nzuri huazimwa kwa rafiki, zikafungwa asubuhi na kurudishwa jioni, na zile vipara zikarejea barabarani. Pampu hupunguzwa siku moja, moshi ukapungua, kesho yake ikafunguliwa tena. Eti huo ni ujanja! Aliyedanganywa si mkaguzi, maana yeye hapandi gari hilo. Dereva naye simlaumu kama wengi wanavyomlaumu. Yeye humwambia mwenye gari breki zimeisha, akajibiwa asubiri mwisho wa mwezi. Akikataa kuliendesha, yuko mwingine nje anayetafuta kazi. Polisi wakija, anayeshikwa ni yeye.

Wapo wanaotaka magari yote kuukuu yaondolewe barabarani. Ni kweli kwamba gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Lakini lililokwisha kuingia huzeekea hapahapa, nalo ndilo hubeba mahindi, mawe ya ujenzi na sisi wenyewe. Likitunzwa, hupita.

Ninachoomba kwa walimu wetu ni kidogo. Kabla ya kila safari, basi la shule au la kukodi lisiondoke kwa kuonyesha stika tu. Pawe na karatasi moja: tairi, breki, taa, usukani, moshi, maji ya tangi. Dereva aijaze asubuhi hiyo na mwalimu wa zamu atie sahihi. Mwanafunzi mmoja naye aruhusiwe kusimama nyuma ya basi wakati dereva anakanyaga pedali, aseme kama taa zote mbili zimewaka, bila kuitwa mjuaji. Basi likikataliwa, tungoje jingine, hata kama tutachelewa mashindano.