Mama, punguza kazi, usipunguze kinga ya mtoto

Mama mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo alimleta kwangu mtoto wake wa miezi 11. Alikuwa anaharisha kwa mara ya tatu ndani ya wiki sita. Nilipouliza mtoto anakula nini mchana, mama aliinamisha macho kama mtu anayetubu. "Daktari, natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Naamka saa tisa na nusu, napika uji, naujaza kwenye chupa ya chai, dada anampa kidogo kidogo mpaka jioni. Najua ni uvivu, lakini sina namna."

Nilimjibu kwanza kwamba mtu anayeamka saa tisa na nusu usiku kumpikia mwanawe si mvivu. Kisha tukaanza na mtoto: maji ya ORS kila anapoharisha, zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kutakoma mapema, na kuendelea kunyonya na kula. Baada ya hapo ndipo tukaizungumzia ile chupa.

Uji unapomiminwa ukiwa wa moto sana, vijidudu haviwezi kukua. Lakini chupa inafunguliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na joto linashuka. Likishuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, uji unakuwa mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, maana kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vinapostawi. Kufikia mchana uji ni vuguvugu, na mtoto anakunywa kitu ambacho asubuhi kilikuwa salama.

Sikumwambia aamke mapema zaidi. Nilimshauri Jumapili apime unga katika vikopo vidogo vikavu vyenye mfuniko, kila kikopo uji wa mlo mmoja. Dada apike sufuria ndogo saa nne asubuhi na nyingine saa kumi jioni, mtoto ale, kinachobaki kisimngoje. Mama akaacha kupika usiku wa manane na akapata nusu saa ya kulala. Aliporudi baada ya wiki tatu mtoto alikuwa ameongezeka uzito. Sisemi kwamba chupa ilikuwa chanzo pekee, ila nasema njia iliyo salama ndiyo iliyokuwa fupi pia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu akina mama wengi ninaowaona hapa Posta, wa ofisini, wa dukani na wa sokoni, huja na majuto ya aina hiyo. Wapo wanaowasema kwamba mama wa siku hizi anapenda urahisi. Sikubaliani nao. Mtu anayetumia saa tatu au nne kwa siku ndani ya mwendokasi, daladala au kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni lazima atafute njia za mkato. Swali ni njia hiyo inapunguza nini.

Nyumbani mtoto analindwa na mambo manne: moto wa kutosha, baridi ya kutosha, maji safi na sabuni, na jicho la mtu mzima. Njia ya mkato inayopunguza kazi ya mikono lakini ikayaacha hayo manne palepale, itumie bila kuona haya. Inayoondoa hata moja kati ya hayo ni mkopo, na anayeulipa ni mtoto.

Njia za kutumia bila majuto

Nunua njegere zilizomenywa, kisamvu kilichotwangwa, vitunguu saumu vilivyomenywa. Hakuna virutubisho vya maana vinavyopotea kwa sababu mkono uliomenya si wako. Osha kwa maji safi kile kinachooshika, pika kiive, na nunua cha siku hiyo au kiweke kwenye friza mara ufikapo nyumbani.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, kisha chemsha kilo nzima siku moja ya wiki. Yagawe kwenye vyombo vidogo na uyagandishe. Jioni ya Jumatano utabaki na kazi ya kuunga tu. Ukiwa na sufuria ya presha, muda na nishati vinapungua zaidi. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mara nyingi tunauzungumzia mkakati huo kwa habari ya misitu, lakini mama anayewasha jiko kwa kugusa kitufe anaokoa muda na mapafu kwa pamoja.

Maji nayo yana mkato wake. Kama kuchemsha kunakushinda, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Au tumia jua la Dar es Salaam: jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ilaze juani saa sita. Siku za mawingu iache siku mbili mfululizo. Njia hii haitaki moto wala msimamizi. Ila maji yenye tope hayafai, kwa kuwa mwanga hauyapenyi.

Njia zinazomdai mtoto

Ya kwanza ni wali wa usiku ulioachwa mezani. Kiporo cha wali na chai ni utamu wa nyumba nyingi, wala sitaki kukiondoa. Lakini kuna kijidudu kwenye mchele ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba usiku kucha, kinatengeneza sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha asubuhi. Kanuni ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe haraka, kiingie kwenye friji, na ukikipasha kipate moto hadi katikati, mara moja tu. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Ukiwa umefungwa hutunza baridi kwa takriban saa nne. Asiye na friji apike wali wa kuisha.

Ya pili ni kununua unga wa lishe wa miezi mitatu kwa mkupuo, wenye mahindi na karanga ndani yake, na kuuweka kwenye joto na unyevu wa jiji hili. Nafaka na karanga zikiota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Nunua unga kidogo kidogo, mahali unapopaamini, na utunze pakavu.

Ya tatu ni kuacha maharage yakichemka usiku juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba, watu wamelala. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hajui kwamba anaivuta. Jiko la mkaa libaki nje, na lisiachwe bila mtu.

Ya nne ni dawa. Wapo wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua ili alale mapema, mama apate nafasi ya kufua. Wapo wanaompa antibayotiki iliyobaki kwa kaka yake, au kipande cha kidonge cha mtu mzima. Namwelewa mama anayekwepa foleni ya zahanati, lakini usingizi wa dawa unaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo, na kipimo cha kukisia si kipimo.

Ya tano ni mafuta ya taa au jiki kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mtoto anaijua chupa; hajui kilichomo. Akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa. Mkimbize hospitali, nenda na chupa yenyewe.

Maziwa ya mama na saa za kazi

Kuna jambo ambalo haliko jikoni. Tunawaambia akina mama wanyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Katika pengo hilo ndipo uji unapoingizwa kabla ya wakati.

Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi ni njia ya mkato bora kuliko zote. Hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji. Vyumba vyetu vina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo usiyaache mezani; yaweke kwenye friji au kwenye chombo chenye barafu, kisha dada amnyweshe mtoto kwa kikombe.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa kuomba. Mwenye duka au ofisi hapa mjini anayesoma safu hii ajiulize kama amewahi kumwambia mfanyakazi wake haki hiyo. Chumba kidogo chenye kiti, pazia na friji kinamgharimu kidogo kuliko mfanyakazi anayeomba ruhusa kila wiki kumpeleka mtoto hospitali.

Na baba je? Kupima unga kwenye vikopo Jumapili hakuhitaji cheti. Dada wa kazi naye, ambaye mara nyingi ni binti mdogo, asipewe maagizo 20 asubuhi mama akiwa mlangoni. Mfundishe matatu, kwa utulivu: kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha mtoto, kutompa chakula kilicholala nje, na kupiga simu mara anapoona dalili ya hatari.

Dalili hizo ni hizi: mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea kupita kawaida, macho yameingia ndani, ana degedege, au kuna damu kwenye kinyesi. Hapo hakuna njia ya mkato. Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni siku ya mauzo makubwa.

Leo usiku, kabla hujalala, angalia jambo moja tu: kesho saa saba mchana, wewe ukiwa kazini, mwanao atakula nini, na chakula hicho kitakuwa kimekaa kwa muda gani? Ukilipata jibu la hilo, umeshamlinda kuliko kwa kuamka saa tisa.