Mbao, nyumba na miti tunayopanda

Kila mwisho wa mwezi mwalimu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2024. Mwanafunzi wake naye huhimizwa kupanda miche, ili kufikia mwaka 2032 taifa liwe limepanda miti bilioni 15. Ajabu ni kwamba mipango hii miwili, iliyo chini ya serikali moja, ni kama haijuani. Nyumba hizo zainuka kwa saruji na chuma, na ni nadra kusikia miti hiyo itafanya kazi gani ikishakomaa.

Kwingineko mbao imekwisha kuvuka mipaka ya paa na milango. Huko Brumunddal, Norway, mwaka 2019 lilikamilika jengo la Mjøstårnet, lenye ghorofa 18 na urefu wa mita 85.4, ambalo nguzo na mihimili yake ni mbao. Ascent, jengo la ghorofa 25 mjini Milwaukee, Marekani, lilifuata mwaka 2022. Wajenzi hawatumii magogo mazima. Mbao nyembamba hukaushwa, kisha hugundishwa tabaka juu ya tabaka. Katika mabamba ya kuta na sakafu, kila tabaka hulazwa likikingama lile la chini yake, ili bamba lisipinde.

Je, moto? Swali hilo ni la haki. Lakini mhimili mnene hauungui kama kijiti. Huungua juujuu na kufanya ganda la makaa linalozuia joto lisifike upesi kwenye kiini. Na kwa kuwa kasi ya kuungua huko hupimika, mhandisi huongeza unene mapema. Hata hivyo, saruji haikufukuzwa kabisa. Ghorofa za juu za Mjøstårnet zina sakafu za zege, kwani mbao ni nyepesi na jengo lingeyumbishwa na upepo. Ascent nalo limekalia ghorofa za chini za zege.

Hapa kwetu, nyumba ya mbao humkumbusha mtu vibanda vya wanyonge. Dharau hiyo yashangaza katika nchi yenye Lamu, ambako dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba.

Faida yake ni wazi. Kuchoma mawe ya chokaa ili kupata saruji hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, ilhali takriban nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, nayo hubaki humo muda wote nyumba inaposimama.

Kikwazo, kwa maoni yangu, si mchwa wala moto, bali ni sera. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, na suala likafikishwa mahakamani. Ni mwenye kiwanda gani atakayenunua mitambo ya kugundisha mbao katika hali hiyo? Nayo misitu ya asili haifai kuguswa. Ikikatwa, faida yote imepotea.

Msonobari wa kupasua mbao huchukua miaka 25 au zaidi kukomaa. Basi wanafunzi wanaopewa miche leo waelezwe ni ya aina gani, itapandwa wapi, na ni nani atakayeinunua.